Mjadala: Mwanamke aliyebakwa vitani asubiri hukumu ndipo alipwe fidia?

Wadau, wapo wanaoshikilia kwamba fidia itoke baada ya mbakaji kutiwa hatiani, la sivyo wahalifu wataponea hapo. Mimi napinga. Serikali imlipe mwanamke sasa, kesi iendelee na mwendo wake.

Chukueni Minova, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo. Novemba 2012, mji wa Goma ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, wanajeshi wa serikali waliokuwa wakirudi nyuma waliingia pale wakapora na kubaka kwa siku kadhaa. Kesi ikafika mahakama ya kijeshi, wanawake wakatoa ushahidi wakiwa wamefunikwa nyuso. Mei 2014, kati ya washtakiwa 39, wawili tu walipatikana na hatia ya ubakaji. Mama aliyeingiliwa usiku na kundi la watu wenye sare moja amtaje nani? Ukimwambia asubiri hukumu, umemnyima haki yake kwa sababu giza lilikuwa nene.

Hata hukumu ikitoka, pesa haifuati. Mwaka 2006, katika kesi ya ubakaji wa Songo Mboyo, mkoani Équateur hukohuko Kongo, mahakama iliamuru dola 5,000 kwa kila aliyenusurika, na serikali ikaunganishwa katika deni hilo. Miaka ikapita bila malipo.

Najua mtauliza: wakijitokeza waongo je? Kosovo ina jibu. Kuanzia 2018 tume ilipokea maombi ya waliobakwa katika vita vya 1998 na 1999, ikayachunguza kwa siri, na aliyekubaliwa akapewa hadi euro 230 kwa mwezi. Hakudaiwa hukumu ya mtu yeyote. Waongo walichujwa na tume. Hakuna sababu ya kuwafungia mlango wakweli wote.

Na kwa nini serikali? Kwa sababu kulinda raia ni kazi yake, na pale Minova waliobaka walikuwa askari wake. Mahakama Kuu ya Kenya, Desemba 2020, iliwapa manusura wanne wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 shilingi milioni 4 kila mmoja, kwa kuwa dola ilishindwa kuchunguza waliyotendewa. Kongo nayo ilitunga sheria Desemba 2022 na kuunda mfuko wa fidia, FONAREV, unaochangiwa na mrabaha wa madini. Kwa hiyo hoja ya kwamba hakuna chanzo cha pesa siikubali tena.

Kinachoniumiza zaidi ni pesa hiyo itaishia mkononi mwa nani. Tunajua mambo yanavyomalizwa vijijini: wazee wanakaa, mbuzi wanatolewa, baba anapokea, binti anabaki na ujauzito na minong'ono. Pengine anaozwa kwa huyohuyo aliyemharibu. Mume naye, aliyemfukuza mkewe siku alipojua, atarudi mbio akisikia kuna dola. Fidia ikipitia kwa chifu au kwa mume, tutakuwa tumemlipa asiyedhulumiwa. Iingie kwenye simu au akaunti ya mwanamke mwenyewe, na orodha ya majina isibandikwe ukutani kama ya wapiga kura.

Naelemea malipo ya kila mwezi pamoja na matibabu ya bure, maana fungu kubwa la mara moja huonekana haraka na ndugu. Mlioko Bukavu, Goma na Bunia, hasa akina mama: mngependelea lipi, na nani aaminiwe kutunza majina?