Seva mbili za DHCP: zigawane vipi anwani bila kugongana?

Swali

Ndugu wataalamu, ninatunza mtandao wa chuo chenye vifaa vipatavyo 1,500 katika sabneti (sehemu ya mtandao) moja ya /21, yaani anwani 2,046. Seva ya DHCP, yaani inayovigawia vifaa anwani za mtandao, ni moja tu, nayo hutoa anwani kwa muda wa saa moja. Hivi karibuni diski yake iliharibika usiku, na kulipokucha kompyuta nyingi zilikuwa zimejipa zenyewe anwani zinazoanza na 169.254, zisiweze kufika kwenye intaneti. Ninataka kusimika seva ya pili na kuipa fungu lilelile la anwani, ili itakayowahi ndiyo ijibu. Je, mpango huu una kasoro?

Jibu la kwanza

Ndugu, nakusihi usiutekeleze. Seva mbili zisizopashana habari zitatoa anwani moja kwa vifaa viwili, na hata zikiipima kwanza kwa pingi (ujumbe mfupi wa kuuliza kama anwani inatumika), simu iliyolala haitajibu. Ungeweza kuligawa fungu nusu kwa nusu, lakini nusu yako ni anwani 1,023, nazo haziwatoshi watu wako seva moja ikizimika. Ungehitaji kwanza kupanua sabneti iwe /20, yenye anwani maradufu.

Jibu la pili

Mimi ningetumia Kea, programu ya seva ya DHCP ambayo shirika la ISC, watengenezaji wake, linaipendekeza tangu lilipoacha kuiendeleza seva yake ya zamani ya DHCP mwaka 2022. Seva mbili za Kea hushika fungu moja, na anayetoa anwani humjulisha mwenzake kabla ya kukijibu kifaa. Jambo gumu hapa si seva kufa, bali ni waya kati yao kukatika huku zote zikiwa hai, kwa kuwa kila moja inaweza kudhani imebaki peke yake. Kwa sababu hiyo, ukimya wa sekunde 60 hautoshi: Kea huangalia pia kama kuna vifaa vinavyoomba kwa mwenzake bila kujibiwa, na hapo tu ndipo huchukua kazi yote. Saa za seva zote mbili zilinganishwe kwa NTP (njia ya kusawazisha saa kupitia mtandao), maana zikipishana kwa zaidi ya sekunde 60 ushirikiano huo husitishwa.

Jibu la tatu

Naongeza kwamba muda wa saa moja ndio uliokuumiza zaidi. Kifaa huanza kuomba upya nusu ya muda inapofika, na kwenye asilimia 87.5 huomba kwa seva yoyote itakayosikia. Ukiweka saa 8, karibu kila kifaa kilichounganishwa kitabaki na angalau saa 4 baada ya seva kuzimika. Kama seva ziko nje ya sabneti hiyo, ruta iandikiwe anwani za zote mbili, kwa kuwa ombi la kifaa kipya halivuki ruta lenyewe.

Muulizaji

Nimewaelewa, nashukuru sana. Leo nitabadilisha muda uwe saa 8, kisha nitaijaribu Kea kwenye maabara kwa kuukata makusudi waya kati ya seva hizo mbili. Je, seva zote mbili zikikaa kwenye chumba kimoja kuna shida?

Jibu la pili

Ipo, ikiwa zinategemea swichi moja na umeme mmoja. Iweke ya pili kwenye jengo jingine.