Malengelenge kwenye tungsteni iliyopigwa kwa ayoni za heliamu

Swali
Salaam, wanajukwaa. Bamba la tungsteni lililong'arishwa vizuri lilipigwa kwa ayoni za heliamu zenye nishati ya makumi ya kilo-elektroni-volti, katika joto la kawaida la chumba. Chini ya hadubini ya elektroni, uso wake umejaa malengelenge, na baadhi yamepasuka na kuacha vishimo vyenye kingo kali. Bamba la pili, lililopigwa kwa agoni, limelika tu, halina lengelenge hata moja. Kwa nini iwe hivyo, ilhali atomi ya agoni ni nzito mara kumi?

Jibu la 1
Ndugu, uzito huo ndio unaoiponza agoni. Kila ayoni yake hung'oa atomi za tungsteni usoni, pengine zaidi ya moja, kwa hiyo uso hurudi nyuma na gesi iliyozama huachiliwa kabla haijarundikana. Heliamu hung'oa kidogo mno, lakini huzama ndani zaidi. Kwa kuwa haiyeyuki katika metali, hujificha kwenye mapengo yaliyoachwa na atomi zilizosukumwa kutoka mahali pake. Huko hukusanyika kuwa viputo, na viputo vikishaungana, tabaka la juu huinuka.

Jibu la 2
Naongezea kwamba unene wa kifuniko cha lengelenge hukaribiana na kina ambacho ayoni nyingi husimama, hivyo upime kwenye kingo za vile vishimo. Kuhusu kinachokiinua kifuniko, wapo wanaosema ni shinikizo la gesi na wapo wanaosema ni mkazo wa pembeni katika tabaka lililovimba. Binafsi naona yote mawili hushirikiana.

Muulizaji
Nashukuru. Je, nikilipasha bamba moto sana?

Jibu la 3
Sura hubadilika kabisa. Kati ya kelvini 1000 na 2000 hivi, heliamu yenye makumi machache tu ya elektroni-volti, isiyoweza kung'oa atomi ya tungsteni, huotesha usoni nyuzi nyembamba mithili ya manyoya meusi. Watafiti wa ITER, mtambo wa majaribio wa kuzalisha nishati kwa kuunganisha viini vya atomi, Ufaransa, hulifuatilia jambo hili kwa sababu sehemu ya kutolea “majivu”, yaani heliamu inayobaki baada ya viini kuungana, hutengenezwa kwa tungsteni.

Ukitaka kuona viputo vyenyewe, utalazimika kukata kipande chembamba, na kifaa cha kukatia kwa kawaida hutumia ayoni za galiamu, ambazo nazo huharibu metali. Funika kwanza uso kwa utando wa platinamu, kisha umalizie kwa nishati ndogo, la sivyo utapiga picha ya madhara ya kisu.