Mchezo ukisitishwa, nani aipumzishe kadi ya grafiki: mtunzi au mchezaji?

Mwenye Mada (Dar es Salaam)

Ndugu zangu, naomba jambo hili tulijadili kwa uzito wake. Juzi usiku nilisitisha mchezo ili niswali Isha, kisha mgeni akabisha hodi, na mazungumzo yakatuchukua karibu saa mbili. Niliporudi chumbani nilipokelewa na joto la jikoni, feni za kompyuta zinavuma, na kipimo cha umeme nilichokichomeka ukutani kinasoma wati 310. Ninapocheza katikati ya mapigano makali kinasoma wati 340. Kwa hiyo muda wote ambao hapakuwa na mchezaji, kompyuta ilitumia umeme karibu sawa na ule wa vitani.

Sababu yake wengi humu wanaifahamu. Kusitisha husimamisha saa ya ndani ya mchezo, adui akaganda na risasi ikabaki hewani, lakini uchoraji hausimami. Kadi inaendelea kuichora mandhari ileile iliyoganda nyuma ya menyu, mara 60, 100 au 200 kwa sekunde, kadiri inavyoweza. Mwaka 2010, StarCraft II ilipotoka, Blizzard wenyewe walikiri kwamba skrini nyepesi za mchezo huo zingeweza kuipasha joto kupita kiasi kompyuta yenye upoozaji hafifu, wakawaelekeza wachezaji waongeze mistari miwili katika faili la mipangilio ili fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, ziwe na kikomo. Mwaka 2021, wakati wa majaribio ya mchezo wa New World wa Amazon, kadi kadhaa za grafiki aina ya RTX 3090 zilikufa, na baadhi ya wenyewe walieleza kwamba walikuwa kwenye menyu tu. Amazon wakatoa sasisho la kuzidhibiti fremu za menyu. Kati ya kisa cha kwanza na cha pili ni miaka 11, na bado tunalijadili jambo lilelile.

Msimamo wangu ni kwamba wajibu ni wa mtunzi, na uwe mpangilio wa kuanzia, si kitu ambacho mchezaji akitafute ndani ya menyu tatu. Draiva ya kadi, yaani programu inayoiendesha, inajua tu kwamba kuna programu inayochora. Haijui kama mchezo unaendelea au umesitishwa. Anayejua ni mchezo wenyewe.

Fundi wa Kadi (Mombasa)

Ndugu, kisa cha New World umekisimulia nusu. EVGA, kampuni iliyokuwa ikitengeneza kadi hizo, walizichunguza kadi zilizorudishwa, takriban 24, wakaeleza kwamba kasoro ilikuwa lehemu mbovu kwenye sehemu ya kudhibiti umeme, na kwamba kadi hizo zilikuwa za matoleo ya mwanzo ya mwaka 2020. Kadi iliyoundwa vizuri hujilinda yenyewe: joto likifika kikomo chake hupunguza kasi, na likizidi sana huzima. Hakuna mchezo unaopaswa kuweza kuiua, uwe umesitishwa au unaendelea.

Kadi ninazozifungua hapa pwani nyingi huwa zimeuawa na vumbi, hewa ya chumvi, na ile grisi iliyo kati ya chipu na kipoza joto ambayo imekauka ikawa kama chaki kwa kutobadilishwa miaka mitano. Safisha kadi yako kwanza, kisha umlaumu mtunzi.

Na nitasema lile ambalo wengi hawapendi kulisikia. Anayeacha mchezo umesitishwa kwa saa mbili, mara nyingi si yeye anayelipia stima. Angekuwa analipia, angehifadhi alipofika na kuzima.

Mama wa Wawili (Dodoma)

Fundi, umeme wa LUKU nyumbani kwangu naununua mimi, na anayecheza usiku watoto wakishalala ni mimi vilevile. Kwa hiyo maneno yako yamenigusa, na sitayaacha yapite.

Nasitisha mchezo kwa sababu mdogo ameamka analia, au kwa sababu maharage yako jikoni. Sijui kama narudi baada ya dakika tatu au baada ya saa nzima. Mtoto mwenyewe ndiye anayejua. Hesabu ya umeme ninaifahamu: wati 300 kwa saa mbili ni uniti 0.6, na ikitokea kila siku, kwa mwezi ni uniti 18. Kwa nyumba yangu hizo si kidogo. Kwa nini basi nisihifadhi na kuzima? Kwa sababu mchezo ninaoucheza hauruhusu kuhifadhi popote ila kwenye vituo vyake, na kati ya kituo na kituo kuna dakika 40 za mapambano. Ukimwambia mtu azime, umemwambia arudie dakika hizo zote. Ungeuliza kwanza, Fundi, kabla ya kutuhukumu.

Mtunga Programu (Nairobi)

Mama ana haki ya kukasirika, lakini naomba nirudi kwenye swali, kwa sababu kazi hii ndiyo riziki yangu.

Katika Unity, programu ya kuundia michezo, watunzi wengi husitisha mchezo kwa mstari mmoja unaoipa kasi ya muda thamani ya sifuri. Mstari huo haugusi uchoraji hata kidogo. Kuupumzisha uchoraji kuna njia mbili. Ya kwanza ni kushusha kikomo cha fremu hadi 30 mara menyu inapofunguka. Ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kuichukua picha ya fremu ya mwisho, kuififisha kidogo, kuiweka nyuma ya menyu na kuacha kabisa kuchora milima, maji na vivuli mpaka mchezaji arudi. Ila anayetumia njia ya pili bila kuweka kikomo hujirudisha palepale, kwa sababu menyu juu ya picha tuli ni kazi nyepesi mno, na kadi isiyozuiwa itaichora mara elfu kwa sekunde. Ndivyo mtego wa skrini nyepesi ulivyo tangu enzi za StarCraft II.

Ugumu upo. Fremu zikiwa chache, mshale wa kipanya unaochorwa na mchezo wenyewe huburuzika, na wachezaji huandika malalamiko siku hiyohiyo. Pia mchezaji anayebadilisha mwangaza au ubora wa vivuli akiwa kwenye menyu hutaka kuona tofauti papo hapo, na picha tuli haimwonyeshi. Hayo yote yanatatulika. Mchezo wa Halo Infinite ulirekebishwa hivyo, na menyu yake ya kusitisha ikapunguza matumizi ya nishati kwenye Xbox kwa hadi asilimia 15. Nadhani hata sheria zimeanza kuja. California walipiga marufuku kompyuta za michezo mwaka 2021 kwa sababu hiyohiyo.

Fundi wa Kadi (Mombasa)

Mama, sikukulenga wewe. Nilisema mara nyingi, sikusema kila mara, na ninaowazungumzia ni vijana wanaoniletea kadi zilizoungua huku baba yao amesimama mlangoni na bili mkononi. Kama umeumia, niwie radhi. Hoja yangu naiacha ilipo.

Ila huku kupumzisha kadi kila dakika kuna hatari ambayo hamjaitaja. Julai 2008 NVIDIA, watengenezaji wa chipu za grafiki, walitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kugharimia chipu za kompyuta mpakato zilizokuwa zikifa. Kilichoziua ni kupanda na kushuka kwa joto: chuma na plastiki hutanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, kiungo kikachoka, kikapasuka. Kadi inayokaa kwenye joto moja ina amani kuliko ile inayopozwa na kupashwa mara ishirini kwa usiku mmoja. Mnataka kuiponya kadi kwa dawa itakayoiua.

Mwanafunzi wa Uhandisi (Arusha)

Naomba kusahihisha mambo mawili kwa heshima.

California hawakupiga marufuku kompyuta za michezo. Kanuni za Tume ya Nishati ya jimbo hilo, ambazo hatua yake mojawapo ilianza Julai 2021, zinahusu umeme unaotumiwa kompyuta ikiwa imekaa bila kazi, imelala au imezimwa, na ni kwa ajili hiyo Dell waliacha kupeleka baadhi ya kompyuta za Alienware huko na katika majimbo mengine machache. Mchezo uliositishwa hauguswi na kanuni hizo, kwa sababu kwa kipimo chao kompyuta hiyo iko kazini. Mimi hilo ndilo linalonisikitisha: mashine inayochora picha moja iliyoganda bila wa kuitazama inahesabiwa kuwa inafanya kazi.

Pili, chipu za 2008 zilikuwa na kasoro katika malighafi ya viungo vyake, na mzunguko wa joto ulioziumiza kuliko mingine ni ule wa kuwashwa na kuzimwa, kutoka joto la chumba hadi joto la kazi na kurudi. Kadi inayoshuka kutoka nyuzi 75 hadi 55 mchezo ukiwa umesitishwa inapitia mzunguko mdogo kuliko ule inaoupata kila siku kompyuta inapozimwa. Anayeuogopa mzunguko mdogo inabidi auogope zaidi ule mkubwa, na Fundi mwenyewe ndiye aliyetushauri tuzime.

Fundi wa Kadi (Mombasa)

Mwanangu, nimeshika chuma cha kulehemu kabla hujaanza darasa la kwanza. Nyuzi unazozitaja umezisoma. Mimi nyufa hizo nimeziona kwa macho yangu chini ya lenzi. Niliposema mtu azime, nilimaanisha amalize siku yake kwa kuzima, kama watu wote, sikusema azime na kuwasha kila akienda kunywa maji. Usinigeuzie maneno.

Mwanafunzi wa Uhandisi (Arusha)

Mzee wangu, sikukusudia kukuvunjia heshima, na sina shaka na nyufa ulizoziona. Ninachouliza ni kama kadi hizo zilipasuka kwa kusitishwa au kwa miaka ya kuwashwa na kuzimwa. Lenzi inauonyesha ufa ulipo, haielezi ni joto la siku gani lililouanzisha.

Mwenye Mada (Dar es Salaam)

Nimeutumia mchana wa leo kupima, ili tuache kubishana kwa kukisia. Kadi yangu ni ya NVIDIA, na draiva yake ina sehemu ya kuwekea kikomo fremu za programu zilizo nyuma. Niliweka fremu 20, nikasitisha mchezo na kuuacha mbele ya skrini: kipimo hakikutikisika, wati 310. Nikaenda kwenye dirisha jingine huku mchezo ukibaki nyuma: kikashuka hadi wati 120. Draiva imefanya ilichoahidi, kwa sababu menyu ikiwa mbele haiwezi kujua kwamba nimeondoka. Nilipoweka kikomo cha jumla cha fremu 60, menyu ilishuka hadi wati 190, lakini mchezo nao ukabanwa hapohapo, na skrini yangu ni ya hezi 144, yaani inaweza kuonyesha fremu 144 kwa sekunde. Rafiki yangu mwenye kadi ya AMD anatumia Radeon Chill, ambayo hupunguza fremu pale mchezaji asipogusa kitu. Hiyo inakaribia kabisa ninachokitaka, ila nayo inakisia kwa kutazama vidole tu.

Narudia nililolisema mwanzo, na ambalo sijaona mtu akilijibu: mchezo peke yake ndio unaojua kwamba umesitishwa. Kusafisha vumbi ni lazima na nimeshalisafisha, lakini vumbi halikuziongeza wati hizo. Mtunzi asiyeweka mistari mitano ya kuipumzisha kadi ni mzembe, na mzigo wake anaubeba mnunuzi wa umeme.

Mtunga Programu (Nairobi)

Neno "mzembe" silikubali. Timu yetu ina watu wanne. Mistari mitano ni kweli, lakini kila mstari hujaribiwa kwenye kadi za kila aina, za zamani na za sasa, na kwenye skrini za kila kasi, na menyu ikikwama kwenye kompyuta moja mchezaji hutupa nyota moja. Tunaipanga kazi kwa kile kinacholalamikiwa. Katika miezi minane tumepokea malalamiko mengi kuhusu mshale mzito, na hatujapokea hata moja kuhusu umeme wakati wa kusitisha. Wachezaji hawakulisema, nasi hatukulijua.

Mama wa Wawili (Dodoma)

Basi mimi nimelisema leo, ulihesabu la kwanza. Lakini naona mnazungukia wati na kulipita lililo kubwa kwangu. Ningekuwa naweza kuhifadhi mahali popote, nisingesitisha kwa saa nzima. Ningehifadhi, nikazima, nikamlaza mtoto kwa utulivu. Mtunga Programu, mchezo wenu unaruhusu kuhifadhi popote?

Mtunga Programu (Nairobi)

Hauruhusu, Mama, na nitakueleza kwa nini bila kujitetea. Kuhifadhi kwenye kituo kunahitaji kukumbuka mambo machache: mchezaji yuko wapi, ana silaha gani, amebakiza uhai kiasi gani. Kuhifadhi katikati ya pambano kunadai kukumbuka kila adui yuko wapi, anaelekea wapi na alikuwa amekusudia nini, na kila kitu kilicho hewani. Tusipolijenga hilo tangu siku ya kwanza, kulibandika mwishoni ni kazi ya miezi. Sisi hatukulijenga.

Ninaloweza kukuahidi kwa toleo lijalo ni dogo zaidi: menyu ya kusitisha ikikaa sekunde 10 bila kuguswa, mandhari ya nyuma itaacha kuchorwa na fremu zitashuka hadi 30, kisha kila kitu kitarudi ukigusa kitufe chochote. Nahitaji watu wenye kadi za zamani wa kulijaribu. Fundi, wewe unazo kwenye meza yako.

Fundi wa Kadi (Mombasa)

Ninazo saba. Nitumie, nipime joto lake kwa wiki mbili, kadi nne zikiwa na kikomo chako na tatu zikiwa bila. Mwanafunzi na yeye aniandikie ni nyuzi gani anataka nizirekodi, na kila baada ya dakika ngapi.

Mama wa Wawili (Dodoma)

Na kuhifadhi je? Katika mchezo wenu ujao, mtalijenga tangu siku ya kwanza?