Nimemshikia ngazi mwenyewe, akakata waya zangu zote za kamera!!!

Baba_Pacha:

Wakuu nimetoka darini sasa hivi, vumbi hata sijajifuta, mikono inatetemeka, naandika nimesimama. Huyu fundi wa kamera mnamjua, msijifanye hamumjui, yule wa kofia, anayekuja na mkoba mkubwa kama anahamia kwako, anayesema "hiyo tayari bosi" kabla hujamaliza kueleza tatizo. Huyo huyo. Jina silitaji, mwenyewe akisoma atajijua.

Kakata waya. Zote nane. Na ngazi nimemshikia mimi.

Nieleweni hapo jamani, NIMEMSHIKIA NGAZI. Nimeikumbatia chini kule ili mtoto wa watu asianguke, naangalia juu naona anazikusanya zile waya nyeusi za koaksia, zile nene kama za antena ya tivi, anazifanya fungu moja kama kuni, anatia plaizi, KACHA! Sio moja moja kwamba labda anajaribu, fungu zima. Nikapiga kelele we fundi unafanya nini, akaniangalia toka huko juu akasema "tulia mzee, hizi za kizamani, hivi vitu huvielewi". MZEE! HUVIELEWI! Na ngazi nimeishika mimi!

Nilichomuagiza ni kitu kidogo mno. Kamera zangu ni analogi za zamani, rekoda inarekodi nukta 704 kwa 576, mtu akisimama getini unaona kivuli chenye kichwa, hujui ni mjomba au mwizi. Nataka nione sura basi. Waya zimepita ndani ya ukuta toka nyumba inajengwa, kabla ya plasta, shaba tupu, nzima kabisa. Nimesoma wiki mbili nikajua kuna rekoda mseto inapokea kamera ya zamani na ya kisasa kwa waya ule ule wa koaksia, kwa hiyo unaanza na rekoda, kamera za zamani zinaendelea na kazi, halafu unabadilisha moja moja ukianzia getini, picha ya 1920 kwa 1080 inapita humo humo wala ukuta haujui kama kuna kitu kimebadilika. Nikamwandikia kwenye karatasi kwa mkono wangu. Akaisoma yote, akaikunja, akaitia mfukoni, akapanda ngazi. KACHA.

Haya, akavuta waya mpya wa netiweki mpaka getini. Toka rekoda ilipo mpaka geti kwa kufuata njia ya waya ni mita 130. Waya wa netiweki kipimo chake mita 100, mwisho. Nikamwambia. Akasema inafika. Ilipoingia magharibi nikakaa mbele ya skrini naisubiri, kamera ya getini ikalia "tik", taa zake za infraredi zikawaka zile nyekundu, sekunde tatu, picha ikafa. Ikajiwasha. Ikaona giza, ikawasha taa, ikafa. Mpaka sasa inafanya hivyo, umeme wake unapita kwenye waya huo huo, mchana ule kidogo unaoifikia unatosha, usiku taa zikiwaka hautoshi. Nimeukwangua ule waya wake kwa kisu, juu rangi ya shaba, ndani mweupe. ALUMINIAMU imepakwa shaba! Mimi shaba tupu kaikata, kaniwekea hiki!

Zile saba nyingine kasema kesho. Kwa hiyo usiku wa leo nyumba yangu haina jicho hata moja, miaka tisa haijawahi kutokea. Kacha moja tu.

kipanya_wa_dari:

Mkuu pole ila hapo pa ngazi nimerudia mara tatu 😂😂😂 yaani jambazi kaja na plaizi wewe ukamshikia ngazi asiumie

Baba_Pacha:

Sicheki mkuu. Nilijua anakwenda kufungua konekta.

FyuziImekata:

Waya ukikatwa haujafa. Menya ncha, funga konekta za BNC, zile za mwisho wa waya wa kamera, za kubana, achana na zile za skrubu zinalegea, kisha unganisha na kiungio cha katikati. Ukifunga vizuri hata 1080 inapita, koaksia nzuri inabeba analogi ya kisasa mita mia tatu na zaidi. Kesho mchana umemaliza kazi, punguza presha.

Baba_Pacha:

Unganisha na nini? Kipande cha toka darini mpaka kwenye rekoda KAKIVUTA CHOTE. Akakiviringisha, akakitia kwenye mkoba. Nimemuuliza unapeleka wapi akasema uchafu huo mzee anaenda kunitupia. Shaba yangu! Sasa ndio naelewa ule mkoba kwa nini mkubwa. Na nimemsaidia kuufunga zipu maana ulikuwa umejaa.

kipanya_wa_dari:

ZIPU TENA 😂😂😂😂 mkuu wewe ni msaidizi wa fundi, ulipwe

Mama Nasra:

Kaka pole sana, hilo la kuitwa mzee ndio lingeniuma mimi. Ila bora wako kakata, wangu mimi aliacha paswedi ile ile ya kiwandani na akaifungulia njia ya intaneti eti niangalie nikiwa safarini. Siku moja nimekaa sebuleni naona kamera ya barazani inageuka yenyewe taratibu, inaangalia mlango, inarudi. Nyumbani nipo peke yangu na simu iko mkononi mwangu. Nikamwuliza paswedi uliweka gani, akasema "hiyo hiyo iliyokuja nayo, rahisi kukumbuka". Rahisi kukumbuka kwa dunia nzima! Ile Mirai, programu ya wadukuzi ya mwaka 2016, si iliziteka kamera na rekoda za watu kwa kujaribu tu paswedi za kiwandani? Toka siku ile ukinitajia fundi wa kamera moyo unadunda.

bwana_saa:

Dada yangu hayo madogo. Mimi rekoda yangu betri yake ya ndani, kale kama kifungo cha shati, imekufa, kila umeme ukikatika saa inarudi tarehe 1 Januari 2000. Nimeibiwa baiskeli, mwizi anaonekana sura, meno, mpaka kovu, video safi imeandikwa mwaka 2000. Kila ninayemuonesha ananiambia huyu mtu kwa sasa atakuwa kazeeka. Fundi nilimwambia mapema, akasema saa haina kazi kwenye kamera.

FyuziImekata:

Betri hiyo ni CR2032 mara nyingi, unabadilisha mwenyewe. Rekoda ikiwa inapata intaneti iwekee ijisawazishe saa yenyewe kwa NTP, yaani inachukua saa sahihi mtandaoni.

bwana_saa:

Baiskeli itarudi?

Baba_Pacha:

Jamani poleni wote ila turudi hapa, mimi nimeshika ngazi, mtu ananiangalia usoni anakata. Karatasi yangu iko mfukoni mwake! Ile ncha niliyoiona pale juu, kiini cha shaba kinang'aa kama pete mpya, miaka tisa haina hata doa, ndio anaita takataka. Nashindwa kulala.

wa_Nne_K:

Mkuu ukweli tukubali analogi imepitwa, weka kamera za IP, zile za waya wa netiweki, megapikseli 8 zote nane uenjoi, fundi kakusaidia kukusukuma

Mama Nasra:

Kakusaidia?? Wewe ndiye yeye nini? Vua kofia tukuone.

FyuziImekata:

@wa_Nne_K kabla hujamshauri mtu megapikseli 8 mwambie na diski. Kamera moja ya megabiti 4 tu kwa sekunde inakula kama gigabaiti 43 kwa siku. Nane ni 345. Diski ya terabaiti moja hata siku tatu haifiki, na megapikseli 8 hazikai vizuri kwenye megabiti 4. H.265, ule mfumo wa kubana video, inapunguza ila haifanyi miujiza. Mtu anasafiri wiki, anaibiwa siku ya kwanza, anarudi anaangalia video ya siku ya tano, kuku anapita.

bwana_saa:

Kuku wa mwaka 2000

kipanya_wa_dari:

😂😂😂

jirani_mwema:

Mimi lalamiko langu halihusu fundi, linahusu BUIBUI. Kamera mpya, picha ya mchana unahesabu majani ya mti. Usiku buibui anatandaza utando mbele ya lenzi, infraredi inaugonga, skrini yote nyeupe kama ukungu, na upepo ukiutikisa simu inaniamsha "mtu ameonekana". Mara arobaini usiku mmoja! Nimefuta, kesho yupo. Nimefuta, yupo. Ananifuata mimi binafsi.

Mama Nasra:

Buibui wanafuata wadudu, wadudu wanafuata mwanga na joto la kamera. Sogeza taa, weka taa ya infraredi ya pembeni hatua kadhaa mbali na kamera, za kwenye kamera uzime.

wa_Nne_K:

Paka mafuta ya mnanaa kwenye mkono wa kamera

FyuziImekata:

Usiguse lenzi na mafuta tafadhali, mnatuletea kamera zina ukungu wa milele.

Baba_Pacha:

Wakuu. Waya nane. Nyumba iko gizani, geti linawaka na kuzima kama kimulimuli, nimekaa barazani na tochi. Kesho asubuhi anakuja kumalizia, naomba mtu aniambie nimpokeeje.

kipanya_wa_dari:

Usimshikie ngazi

Mama Nasra:

Kaka mdai karatasi yako na waya zako kwanza, akiwa bado mlangoni, kabla mkoba haujaingia ndani.

jirani_mwema:

Huo mnanaa napaka mara ngapi kwa wiki? Amerudi sasa hivi, naiona miguu yake kwenye simu, mikubwa kama ya kaa.

bwana_saa:

Tupia picha

jirani_mwema:

Hiyo hapo. Angalia mguu wa kushoto unavyogonga lenzi, anajua namuangalia.