Wikendi ya watani wa jadi Marekani: leteni mikeka yenu, nani anachanika?

MzeeWaColumbus (Jumatano, 26 Novemba 2025)
Wakuu, salaam. Ile wikendi yenyewe ndiyo hii. Sikukuu ya Shukrani ni kesho, na kuanzia keshokutwa vyuo vya Marekani vinakutana na watani wao wa jadi. Kwa wageni: ni ule mpira wa yai, na ni wa vyuo, siyo zile timu kubwa za NFL, ligi ya kulipwa.

Mkeka wangu huu hapa. Ijumaa Indiana (11-0, yaani wameshinda 11, hawajafungwa) wapo kwa Purdue (2-9), hiyo tusipotezeane muda. Ijumaa usiku Texas A&M, nao 11-0, wanakwenda Austin kwa Texas (8-3). A&M kwa pointi tatu. Jumamosi saa sita mchana ya huku, saa mbili usiku ya Dar, Ohio State wanaingia Ann Arbor kwa wale jamaa wa kaskazini. Sisi 11-0, namba moja nchi nzima. Wao 9-2. Nasema 27-17. Jioni yake Alabama kwa Auburn: Alabama, ila kwa jasho.

Sasa swali. Kocha wetu Ryan Day katwaa ubingwa wa taifa Januari hii, kampiga Notre Dame 34-23. Lakini akifungwa tena na hao wa kaskazini, afukuzwe au asifukuzwe? Mimi nasema afukuzwe. Povu ruksa.

BluuNaNjano
"Wale jamaa wa kaskazini" wana jina, wanaitwa Michigan. Au ndiyo lile zoea lenu la Ohio la kuogopa kulitamka?

MzeeWaColumbus
Hatuogopi, hatutaki kuchafua mdomo. Huku chuoni wiki hii herufi hiyo imezibwa kwa alama nyekundu kwenye kila kibao. Mwanangu wa darasa la tatu jana kabandika utepe mwekundu juu ya M ya boksi la maziwa. Mama yake kamgombeza, mimi nikageukia dirishani nicheke.

BluuNaNjano
Mwambie aanze na jina la baba yake humu, maana linaanza na M.

Mgosi_Houston
Hahaha! Mzee kapigwa mapema.

MzeeWaColumbus
Jibuni swali.

BluuNaNjano
Swali nalijibu. Umeorodhesha rekodi zote ukaruka moja: 2021, 2022, 2023, 2024, yote tuliwafunga. Mwaka jana wenye mabuki waliwapa ushindi wa karibu pointi 20, mkiwa nyumbani, mbele ya watu laki moja na ushee. Mkalala 13-10. Day mwenyewe kamfunga Michigan mara moja tu, 2019. Msimfukuze, tafadhali. Sisi tunampenda sana.

MzeeWaColumbus
Mwaka jana tuliteleza. Na 2023 mlikuwa mnaiba ishara ambazo makocha wa wenzenu huwapa wachezaji, kocha wenu akafungiwa mechi tatu za mwisho za msimu wa kawaida. Leo mnatuhesabia ushindi?

BluuNaNjano
Mechi ile alikuwa amefungiwa, hakuwepo uwanjani, na bado tuliwafunga 30-24. Sasa hapo aliiba nani?

Mgosi_Houston
Nyie wa baridi endeleeni kugombania mji wa Toledo, mna ugomvi wa mpaka tangu 1835. Mechi ya wikendi ni Ijumaa. Texas A&M hawajafungwa, na siyo kwa bahati. Mliwaona na South Carolina? Mapumziko wako nyuma 30-3, watu wanatoka uwanjani kuwahi magari, mechi ikaisha 31-30. Mimi nilikuwa nimeshaingia jikoni kuosha vyombo kwa hasira, nikasikia jirani anapiga kelele. Timu ya namna hiyo huwezi kuifunga. A&M 34, Texas 20. Arch Manning, mrusha mipira wa Texas, anabebwa na jina la ukoo.

Kandambili
Timu inayofungwa 30 katika nusu ya kwanza na South Carolina ndiyo unaiita haifungiki?

Mgosi_Houston
Soma nilichoandika, siyo ulichotaka niandike.

BintiPangani
Shikamooni kaka zangu. Mimi Alabama naijua kwa Doris Lemngole tu, yule binti wa Kenya anayeruka viunzi na maji. Huo mpira wao siuelewi hata kidogo. Nikiweka buku mbili kwa Auburn nitakula?

Mgosi_Houston
Marahaba. Dada, huyo Lemngole wako asome historia. Mbio pale chuoni hazilipi hata bili ya umeme wa uwanja. Viatu, ndege, hoteli, ada, vyote vinatoka kwenye futiboli. Wakimbiaji wetu wote wa Afrika Mashariki waliosoma Marekani wamesomeshwa na mpira wa yai. Kila Jumamosi wangekuwa wanapiga magoti kushukuru.

BintiPangani
Sawa kaka, ila nimeuliza kuhusu Auburn.

Iten2400
Mgosi, hapo umenigusa pabaya. Mimi ni mmoja wa hao wa kupiga magoti. Nilikuja 2009, chuo kimoja cha majimbo ya katikati, jina nalihifadhi. Sikuletwa na mpira wa yai, nililetwa na miguu yangu.

Na hesabu ya skolashipu unaijua? Enzi zetu futiboli walikuwa na 85 kamili. Riadha ya wanaume, pamoja na nyika, warushaji na warukaji wote, ilikuwa 12.6. Kumi na mbili nukta sita! Hiyo nukta sita ndiyo nilikuwa mimi. Sehemu iliyobaki ya ada nililipa kwa kufagia maktaba usiku.

Mgosi_Houston
Pole. Lakini hiyo nukta sita ililipwa na nani?

Iten2400
Wacha nikwambie ililipwa vipi. Januari saa kumi na moja alfajiri tuko barabarani, barafu inalia chini ya viatu, ndevu zimeganda. Jioni tukirudi, mkahawa wa chuo umefungwa. Wenzetu wa futiboli wana ukumbi wao wa kulia, nyama hadi saa tatu usiku, mlangoni kuna mtu anakagua kadi. Sisi tulisonga ugali kwa unga wa mahindi wa duka la Wameksiko, sufuria moja ya kuazima, Wakenya wanne na Mganda mmoja. Halafu leo unaniambia nipige magoti.

Kandambili
Iten nyoosha maelezo, ugali ulikuwa na mboga gani?

Iten2400
Kabeji. Kila siku kabeji.

Mgosi_Houston
Mateso siyo hoja. Uwanja wa Michigan unabeba watu 107,601, na unajaa. Nyinyi mkikimbia nyika wanakuja wangapi? Wazazi na mbwa. Pesa inatoka kwenye watu. Zima futiboli leo, kesho hakuna riadha.

DaktariBingwaWaMaji
Mbona ndiyo inazimika futiboli ikiwa imewaka? Mwaka huu mwezi wa sita mahakama iliidhinisha yale makubaliano, kila chuo kinaweza kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka. Hizo pesa hazikuota kwenye mti. Sehemu kubwa inakwenda futiboli, na wanaokatwa ni riadha, kuogelea, tenisi. Washington State majira haya ya joto wamefuta urushaji na urukaji. Washington State hiyo hiyo ya Henry Rono, aliyevunja rekodi tano za dunia akiwa mwanafunzi.

Iten2400
Nne, ndani ya siku 81, mwaka 1978. Mita 3000, viunzi, 5000 na 10,000. Heshimu mzee.

DaktariBingwaWaMaji
Nne. Asante. Hoja yangu inabaki.

Mgosi_Houston
Daktari, kwa hoja yako mwenyewe, mbio ndefu wameziacha. Wamekata mkuki na kuruka juu, wakabakiza kule kunakokimbia Wakenya. Sasa mnalia nini?

Kandambili
Hapo Mgosi kafunga.

MzeeWaColumbus (Alhamisi)
Jamani, Ryan Day afukuzwe au asifukuzwe?

Ngalawa_88
Nataka kumkumbusha Iten kwamba Tanzania nayo ilikuwepo. Suleiman Nyambui alikimbia chuo cha El Paso, Texas, akazoa mataji ya vyuo, na 1980 Olimpiki ya Moscow akaleta medali ya fedha ya mita 5000. Kila mjadala wa riadha mnaufanya wa Kenya.

Iten2400
Hakuna aliyemkataa Nyambui. Lakini baada yake mmeleta nani El Paso?

Ngalawa_88
Ndiyo dharau zenyewe hizo ninazozisema.

Kandambili
Tumefika. Ukurasa wa pili ni Kenya na Tanzania, wa tatu ni Mlima Kilimanjaro uko wapi.

Mgosi_Houston
Iten, swali moja tu, kaka. Baada ya hizo mbio zote, digrii ulimaliza? Maana wengi wenu mlikuwa mnakuja, mnakimbia miaka minne, mnaishia kuendesha malori.

Iten2400
Mimi ni nesi wa chumba cha wagonjwa mahututi. Digrii iko ukutani. Na kaka yangu anaendesha lori, amejenga kwao, amesomesha wadogo zake watatu. Lori lina ubaya gani? Wewe unafanya kazi gani hapo Houston?

BluuNaNjano
Mgosi, hiyo ya malori ungeifuta. Mimi niko Grand Rapids, nusu ya watu wa kanisa letu ni Wakongomani wa viwandani na malori, na wao ndio wanaonunua tiketi.

Mgosi_Houston
Nimeteleza. Namwomba radhi Iten na kaka yake. Ila futiboli ndiyo inayolipa, hilo siombi radhi.

DaktariBingwaWaMaji
Na wachezaji wenyewe je? Kwa miaka mingi vijana weusi wa Alabama na Georgia walijaza viwanja, kocha akilipwa mamilioni, wao ada na sahani ya chakula. Hadi 2021 hata kuuza saini yako ilikuwa kosa. Tukisema futiboli ilimsomesha Iten, tuseme na nani alikuwa akigongwa kichwa ili Iten asome.

Iten2400
Hilo ndilo sikuwahi kulifikiria nikiwa pale mlangoni na kadi yangu iliyokataliwa. Kuna kijana wa futiboli, mchezaji wa safu ya ulinzi, mkubwa kama friji, alikuwa anatutolea mapande ya kuku kwenye mfuko wa karatasi. Goti lilimvunjikia mwaka wa tatu, sikumwona tena darasani.

BintiPangani
Kaka zangu, Auburn?

Kandambili
Dada, Auburn wana 5-6, kocha walimfukuza mwanzoni mwa mwezi huu. Kwa akili, Alabama. Lakini pale Auburn akili hufanya likizo. 2013 ilikuwa 28-28, imebaki sekunde moja, Alabama wakapiga teke la mbali likapungua nguvu. Chris Davis wa Auburn akaudaka nyuma kabisa ya goli lake, akakimbia uwanja mzima. 34-28. Buku mbili siyo hela, weka Auburn ufurahi.

Mgosi_Houston (Ijumaa)
Leo ndiyo leo. Anayetaka kunitafuta usiku, nipo pale nimekaa, na jezi.

Kandambili (Jumamosi asubuhi)
Texas 27, Texas A&M 17.

Mgosi? Mgosi wa Houston? Upo pale umekaa?

Ngalawa_88
Yule anayebebwa na jina la ukoo anakusalimu.

BluuNaNjano
Na Indiana kampiga Purdue 56-3. Mzee kapatia moja katika mbili. Hiyo nayo hata boksi la maziwa lingepatia.

Iten2400
Mwacheni Mgosi apumzike. Nimetoka zamu ya usiku, wodi nzima ilikuwa inaangalia. Mgosi, ukiamka, karibu ugali. Kabeji ipo.

Mgosi_Houston
Nimeamka. Waamuzi wametuonea.

Kandambili
Alaa!

MzeeWaColumbus
Imebaki saa moja. TV imewashwa, mabawa ya kuku yako kwenye oveni, mtoto kazunguka nyumba na utepe wake hadi kibodi ya kompyuta yangu kaiziba. Bluu, mara ya mwisho: tukifungwa leo, Day afukuzwe?

BluuNaNjano
Aongezewe mkataba wa miaka kumi. Lakini mbona hukuweka sahihi, zoea lako la kila siku?

MzeeWaColumbus
Wasalaam,
zeeWaColu bus