Moduli wanachukua, kusoma hawasomi: hawa wa masafa hatua ya kwanza tunawashikaje?

Mwl_Uwandani (Newala)

Habari za jioni walimu wenzangu, na shikamoo kwa wakubwa mliomo humu.

Mimi ni mwezeshaji wa elimu ya masafa, wale wanaojisomea nyumbani kwa vijitabu tunavyoviita moduli, huku uwanda wa Makonde. Kituo chetu kina vijana wa hatua ya kwanza, wale wanaosoma Kidato cha Kwanza na cha Pili ndani ya mwaka mmoja, wakafanye QT, ule mtihani wa maarifa, wakivuka waingie hatua ya pili. Wengi ni mabinti wa miaka 14 hadi 17. Wapo waliokatisha kwa ujauzito wakarudi baada ya serikali kufungua mlango Novemba 2021, wapo walioshindwa na umbali na nauli, na wavulana wawili watatu ambao shule iliwachosha tu. Jumamosi tunakutana ana kwa ana. Siku nyingine kila mtu na moduli yake nyumbani.

Kazi zinakuja, hilo siwezi kulalamika. Zinakuja zimejaa, mwandiko safi, na hazina mtu ndani. Juzi nasahihisha Biolojia, swali linauliza kwa nini mtu akikimbia anahema. Binti kanakili aya nzima ya moduli kwa Kiingereza chake, hadi pale panaposema tazama mchoro wa 4, na mchoro wenyewe hakuuchora. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu kanakili kwa wa pili, maana neno lililorukwa ni lile lile.

Jumamosi nikamwita yule wa kwanza pembeni, nikampa kipande cha gazeti la Kiswahili asome kwa sauti. Akateleza nacho hadi mwisho, na mahali pa kuchekesha akacheka. Nikampa moduli. "Oxygen" akaisoma o-ksi-ge-ni. "Breathe" ikawa bre-a-the, silabi kwa silabi, namna ile ile aliyofundishwa darasa la kwanza. Nikamuuliza aya inasema nini. Akaniangalia, akasema, "Mwalimu, kusoma nimesoma, kuelewa tumwachie Mungu."

Sasa huyu utamwita mvivu? Na umri wenyewe ndio mgumu. Ukimpa kitabu cha picha cha darasa la pili ataona unamdharau, ana mtoto wake nyumbani huyu, na kitabu cha kidato kinampita juu. Mwenzake wa shule ya kutwa ana mwalimu anayemfafanulia kila siku. Yeye ana karatasi.

Kuhusu vifaa: simu janja chache, na nyingi ni za kaka au mume. Viswaswadu wanavyo karibu wote, na zile redio ndogo za kuchaji zinazoingia memori kadi zimejaa vijijini. Kundi la WhatsApp tulilianzisha, likawa la dua za asubuhi na stika. Sina ugomvi na dua.

Halafu kuna Oktoba. Korosho zikianza kudondoka na minada ikianza, kila mkono unahitajika shambani, na QT ni Novemba, katikati kabisa ya msimu.

Nianzie wapi ili wasome kweli? Na nitawashikaje wakati wa korosho? Tafadhali msinijibu "wahamasishe". Nimehamasisha hadi sauti imekauka.

Chaki_Kavu (Mbeya)

Pole mwalimu. Nitasema lisilopendwa. Najua watakaonifuata hapa watakwambia uwaeleze kila kitu kwa Kiswahili. Mtihani ni wa Kiingereza. Ukiwatafunia leo, Novemba atawatafunia nani?

Mimi natoa msamiati kumi kila wiki, kila neno sentensi yake, na Jumamosi anayeshindwa anasimama hadi akumbuke. Wananuna, ila maneno yanaingia. Hao wako wananakili kwa sababu wameona kunakili kunapita. Anza kuzirudisha kazi bila alama uone.

Mama_Shamim (Masasi)

Shikamooni walimu. Mimi siyo mwalimu, nina duka la vitenge hapa Masasi, ila QT niliifanya kwa masafa na mtoto mgongoni, kwa hiyo mniruhusu niseme kwa niaba ya hao mabinti.

Mwalimu Chaki, kwa heshima yako: huyo wa kusimama Jumamosi angekuwa mimi, na Jumamosi inayofuata usingeniona tena. Kunakili si ujanja. Karatasi tupu inatia aibu, ikijaa angalau huitwi mbele. Nilikuwa nasoma saa kumi na moja alfajiri kabla mtoto hajaamka. Ukurasa wa kwanza wa moduli una maneno hata sijui yanatamkwaje, utafanya nini zaidi ya kuhamisha herufi kwenda kwenye daftari?

Aliyenitoa hapo ni mwezeshaji mmoja mama wa makamo. Nilikuwa nimenakili aya ya upumuaji bila oksijeni. Hakunipa sifuri. Chini yake akaandika kwa Kiswahili, akitaja uraka, ile pombe ya mabibo ya korosho: "Haya ni maneno ya kitabu. Kwenu wanatengeneza uraka? Juisi ya mabibo ikilala siku mbili kwa nini inatoa mapovu? Nieleze kama unamweleza mdogo wako."

Walimu, niliandika kurasa mbili! Bibi yangu alikuwa mtengenezaji, mimi ndiye nilikuwa nakamua. Nikaandika kwamba ndoo haifunikwi kwa kubana, ukibana mfuniko unaruka. Kwamba siku ya kwanza ni tamu, kadiri inavyokaa utamu unakwenda na ukali unakuja. Kwamba chombo ambacho hakikuoshwa vizuri kinachachusha haraka kuliko kipya. Karatasi ikarudi ndani ya wiki ile ile, kampa konda wa gari la abiria. Pembeni ya sentensi zangu kaandika kwa kalamu nyekundu: penye utamu, "sugar". Penye mapovu, "carbon dioxide". Penye ukali, "alcohol". Pale niliposema kuna kitu kinabaki kwenye chombo cha zamani kinachochachusha, kaweka "yeast" na alama ya mshangao. Kisha: "Sasa rudia kusoma ile aya." Nikairudia. Sikuielewa yote, lakini ilikuwa kama kuingia sokoni ukawaona watu wanne unaowafahamu.

Jambo la pili ni huko kurudi upesi. Mwezeshaji aliyemtangulia alikaa na kazi zetu hadi mwisho wa muhula. Unapojibiwa na umeshasahau uliandika nini, hujajibiwa.

Mstaafu_73 (Singida)

Marahaba wanangu. Huyu Mama Shamim angepewa darasa.

Mimi niongeze la zamani. Mwaka 1973 tulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili nchi nzima walisoma kwa redio kwa wiki 12, wengi wao kusoma ndio kwanza wamejifunza. Nilikuwa kijana, nikawa kiongozi wa kikundi. Kipindi kikiisha redioni, mmoja anasoma kijitabu kwa sauti, cha Kiswahili chepesi, wengine wanafuata, halafu tunajadili. Hatukuwa tunauliza "mmeelewa?" Tulikuwa tunauliza "choo tunachimba wapi?" Mtu ambaye hakuelewa anajulikana hapo hapo, na hakuna anayemcheka kwa sababu jembe linamsubiri.

Sasa ninyi mnampa mtoto moduli peke yake chumbani. Sisi watu wazima hatukuachwa peke yetu hata siku moja. Waunganishe kwa vitongoji, watatu watatu au wanne, na kiongozi si lazima awe mwenye akili kuliko wote. Awe yule anayesoma bila kusita na asiye na dharau. Korosho wataokota pamoja hata hivyo. Jioni kuna nusu saa.

Bi_Mwanasha (Kwale)

Hamjambo walimu wa ng'ambo ya mpaka. Shule zetu huku Kenya zilipofungwa Machi 2020, wengi hawakuketi darasani tena hadi Januari 2021. Masomo ya KICD, taasisi yetu ya mitaala, yalipeperushwa na redio ya taifa, KBC, na mimi nilikuwa nafunza darasa la saba. Ukimpigia mwanafunzi, umesikiza kipindi? Ndio mwalimu. Kimesema nini? Kimya. Redio haisimami ukiinua mkono.

Tulichofanya ni kutangulia. Kabla ya kipindi wana maswali matatu kwenye karatasi, na moja kati ya hayo halijibiwi kipindini, lazima aulize nyumbani. Lile la kuuliza nyumbani ndilo lililoleta majibu marefu siku zote, kwa sababu hapo hapana pa kunakili.

Na kwa kuwa nyinyi mna hizo redio za memori kadi, rekodi ziwe za dakika tano sita. Soma aya ya moduli kwa Kiingereza polepole, naye anafuata kwa kidole. Eleza kwa Kiswahili. Kisha isome tena kwa Kiingereza, vile vile ilivyo. Huyo binti wa bre-a-the hajawahi kulisikia neno lenyewe, atalisomaje? Mwalimu Chaki naye atakuwa amepata Kiingereza chake.

Chaki_Kavu (Mbeya)

Hilo la kusikia sauti kabla ya kusoma nalikubali. La kusimama pia nimelisikia, Mama Shamim. Ila mnijibu: huko kuandika Kiswahili kunaisha lini? Maana nimeona vituo ambako kunaanza mwezi wa pili na QT inawakuta bado wanasimulia hadithi.

Mwl_Uwandani (Newala)

Mzee wangu Mstaafu, shikamoo. Wote asanteni.

Chaki, naweka mpaka. Hadi mwisho wa Julai maelezo marefu kwa Kiswahili, maneno makuu kwa Kiingereza pembeni. Agosti wanaanza kugeuza sentensi zao wenyewe, zao, si za moduli, ziwe fupi hata za maneno matano. Septemba majibu yote Kiingereza. Atakayebaki nyuma nitajua ni nani na ni neno gani, jambo ambalo leo silijui.

Uraka nitautumia kwa tahadhari. Nina wazazi watakaoniuliza kama Jumamosi tunafundisha kutengeneza pombe, kwa hiyo swali litakuwa na togwa, na mwenye bibi wa uraka ataamua mwenyewe.

Msimu ukianza sitoi moduli mpya hata moja. Kila kikundi kitaleta stakabadhi ya korosho ya nyumbani kutoka chama cha msingi cha ushirika, tuisome mstari kwa mstari: kilo, daraja, makato, kilichobaki mkononi. Hesabu imo, Uraia umo, na baba mtu hatasema mtoto anapoteza muda. Baada ya hapo ni marudio ya rekodi tu, jioni, kwa vikundi vya Mzee.

Kazi zitapunguzwa ziwe nusu ukurasa ili niweze kuzirudisha ndani ya wiki. Makonda wa njia ya Kitangari nawafahamu, bahasha watabeba. Memori kadi nitanunua kidogo kidogo.

Kinachonikwamisha ni sauti. Kiingereza changu cha Biolojia kinatosha, cha Jiografia hapana, na sitaki wajifunze matamshi yangu ya kubahatisha. Bi Mwanasha, unaweza kunisomea aya kama kumi hivi? Picha za kurasa nakutumia leo usiku.

Bi_Mwanasha (Kwale)

Tuma, lakini piga picha mchana karibu na dirisha. Za usiku hazisomeki.