Laki mbili za Bitcoin: ni akiba au ni bahati nasibu?

Mtoa hoja, Morogoro

Ndugu zangu, naomba tulijadili kwa utulivu jambo ambalo limeanza kutugawa katika kikundi chetu cha VICOBA. Katika kikao cha mwezi huu, tulipomaliza kununua hisa na kabla ya kugawa mikopo, mjumbe mmoja kijana alipendekeza kila mmoja wetu atenge shilingi 200,000 anunue Bitcoin, ile sarafu ya kidijitali inayouzwa mtandaoni. Alisema kiasi hicho ni kidogo, hakimfilisi mtu, na baada ya miaka kadhaa kitakuwa kimetunza thamani kuliko fedha iliyolala kwenye sanduku la kikundi. Wazee walicheka, vijana wakanuna, nami kwa kuwa ndiye mwekahazina nikaagizwa nilete maelezo kikao kijacho.

Nitangulize msimamo wangu ili nisijifanye mwamuzi. Mwishoni mwa 2017 Bitcoin moja ilikaribia dola 20,000, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 4,000. Novemba 2021 ilifika karibu dola 69,000, Novemba 2022 ikaporomoka hadi kama dola 16,000, kisha Desemba 2024 ikavuka dola 100,000. Kitu chenye mwenendo huo unaweza kukipa majina mengi, lakini ukikiita chombo cha kutunza thamani nitakuuliza ni thamani ya siku ipi. Anayekubaliana na kijana wetu naomba anijibu hapo.

Mchangiaji, Nairobi

Mheshimiwa mwekahazina, mimi niko upande wa kijana. Wewe unaihukumu Bitcoin kwa kupanda na kushuka kwake, ila husemi neno kuhusu shilingi iliyolala kwenye sanduku lenu. Mwanzoni mwa 2022 sisi huku tulinunua dola moja kwa takriban shilingi 113, na Januari 2024 dola hiyo hiyo ilifika shilingi 160. Aliyeweka akiba yake yote kwa shilingi katika miaka hiyo miwili aliona bei ya mafuta ya kula na ya petroli ikipanda huku salio lake benki likibaki namba ile ile, na hakuna aliyemwita mcheza kamari.

Bitcoin haina gavana wa benki kuu wa kuamka asubuhi akaamua iongezwe. Jumla yake haitavuka milioni 21, na takriban kila baada ya miaka minne kiasi kinachotolewa kwa wachimbaji, yaani wenye kompyuta zinazothibitisha miamala, hupunguzwa nusu, mara ya karibuni ikiwa Aprili 2024. Tena sarafu moja hugawanyika vipande milioni 100 vinavyoitwa satoshi, kwa hiyo mwenye laki mbili zake anaingia kwa masharti yale yale ya tajiri. Nionyesheni kiwanja Kitengela kinachouzwa kwa namna hiyo.

Mchangiaji, Dodoma

Ndugu yangu wa Nairobi, hadithi ya shilingi umeikatia katikati. Kufikia katikati ya 2024 dola ilikuwa imerudi hadi kama shilingi 129, kwa hiyo aliyeikimbia shilingi kwa hofu ilipokuwa 160 aliumizwa na hofu yake mwenyewe. Na kama tatizo ni shilingi, dawa ya kwanza si lazima iwe Bitcoin. Huku kwetu kuna vipande vya UTT, yaani mifuko ya uwekezaji wa pamoja, na kwenu serikali ilianza kuuza hatifungani ya M-Akiba mwaka 2017 kwa kiwango cha chini cha shilingi 3,000. Mwenye fedha kidogo hajakosa mlango kiasi hicho.

Kuhusu uchache, kitu kuwa kichache hakukifanyi kiwe na thamani mpaka awepo anayekitaka, na anayekitaka leo anaweza kuchoka kesho. Isitoshe, wengi wanaoingia na laki mbili hawaishii kwenye Bitcoin. Wakiona ni ghali hukimbilia sarafu ya senti chache wakidhani wamepata bei nafuu. Dogecoin, kwa mfano, huongezewa sarafu bilioni 5 kila mwaka bila kikomo, na hoja nzima ya uchache inaishia hapo. Waliokimbilia sarafu ya TerraUSD, iliyoahidi kulingana na dola moja wakati wote, waliiona Mei 2022 ikianguka hadi senti chache ndani ya siku chache.

Mchangiaji, Arusha

Naomba nieleze yaliyonikuta, kwa kuwa naona tunazungumzia chati ilhali swali la mwekahazina ni la mtu mwenye majukumu.

Novemba 2021 nilinunua Bitcoin kwa shilingi 200,000 hizo hizo, bei ikiwa karibu dola 66,000, nikapata satoshi kama 130,000. Sikukopa wala sikushawishiwa na tapeli. Nilisoma, nikaelewa, nikanunua. Nilikusudia kutoigusa kwa miaka mitano. Januari 2023 binti yangu alichaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza shule ya bweni, na orodha ya mahitaji ilikuja na godoro, sare jozi mbili, ndoo, madaftari na mengine ambayo mzazi huyajua. Biashara yangu ya duka ilikuwa imesimama tangu Novemba. Nikauza. Bitcoin ilikuwa karibu dola 17,000, na baada ya kutoa faida ya kijana aliyezinunua kwangu na makato ya kutoa fedha kwa wakala nilishika mkononi shilingi 48,000. Godoro nililikopa.

Sasa fanyeni hesabu ya upande wa pili. Ningezishikilia satoshi hizo hadi Desemba 2024 zingekuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 300,000. Kwa hiyo ndugu wa Nairobi yuko sahihi kwamba thamani ilitunzwa, na mimi pia niko sahihi kwamba haikunitunzia mimi. Tajiri aliyenunua siku ile ile niliyonunua aliingoja, kwa kuwa ada za watoto wake hazikuwa ndani ya Bitcoin. Wanapotuambia tununue kiasi kidogo wanamaanisha kiasi ambacho tukikipoteza hatutaumia. Mimi sijawahi kuwa na laki mbili za namna hiyo.

Mchangiaji wa pili, Nairobi

Aliyosema mzee wa Arusha niliyaona kwa macho yangu, tena kwa watu ambao hawakutoa hata senti. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 2023 nilipita jumba la mikutano la KICC nikakuta foleni ndefu ya watu wanaosubiri kupigwa picha ya mboni ya jicho na kifaa cha Worldcoin, mradi wa sarafu nyingine ya kidijitali, ili wapewe sarafu 25 zilizokadiriwa kuwa na thamani ya shilingi 7,000 hivi. Tarehe 2 Agosti serikali ilisimamisha zoezi, na Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru taarifa za kibayometriki zilizokusanywa zifutwe.

Turudi kwenye zile sarafu 25. Vijana wengi niliowafahamu waliziuza mara tu zilipoingia wakalipa kodi ya nyumba. Aliyengoja hadi Machi 2024, bei ilipovuka dola 11, angepata zaidi ya shilingi 35,000. Aliyeendelea kungoja hadi mwanzoni mwa Aprili 2025 alizikuta chini ya dola moja, yaani zote pamoja hazifiki shilingi 3,500. Wote walishika kitu kimoja, wakakipata siku moja. Naomba ndugu yangu anayetetea aniambie ni yupi kati yao aliyetunziwa thamani, na angejuaje.

Mchangiaji wa kwanza, Nairobi

Worldcoin si Bitcoin, na si haki kuihukumu moja kwa makosa ya nyingine. Hata hivyo nakubali kwamba anayeshika fedha ya ada hapaswi kuingia. Hoja yangu ni kwa yule mwenye kipato cha kudumu anayeweza kutenga kidogo kila mwezi bila kuchagua siku. Huyo hanunui kilele peke yake. Hununua kilele na bonde.

Mchangiaji, Unguja

Kwa wenzetu Waislamu katika vikundi hivi lipo swali linalotangulia hesabu zote hizi. Mwaka 2018 Mufti Mkuu wa Misri alitoa fatwa ya kukataza Bitcoin, na Novemba 2021 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilisema matumizi ya sarafu hizi kama fedha ni haramu kwa sababu ya gharari, yaani biashara yenye mashaka na mambo yasiyojulikana. Wapo wanazuoni wenye rai tofauti, wala sikusudii kufunga mlango, ila mwekahazina asilete azimio la kila mjumbe kununua pasipo kuwauliza wajumbe wake.

Mchangiaji, Tanga

Jambo moja tu kuhusu sheria. Novemba 2019 Benki Kuu yetu ilitangaza kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, lakini Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Maana yake kodi utakatwa, ila ukidhulumiwa Bodi ya Bima ya Amana haitakufidia. Nako kwenye mirathi hali ni ngumu zaidi: fedha ya marehemu iliyo benki warithi huidai kwa barua ya mahakama, lakini Bitcoin inayolindwa kwa maneno 12 ya siri aliyoyajua marehemu peke yake, hakuna hakimu anayeweza kuifungua. Watu wenye satoshi za laki mbili ndio hasa wasioandika maneno hayo popote, kwa kuwa wanaona ni fedha ndogo.

Mtoa hoja, Morogoro

Nawashukuru sana. Nimepata la kupeleka kikaoni, na limetoka kwa mzee wa Arusha kuliko kwingine.

Kikundi chetu huvunjwa kila Desemba na watu wakagawana. Kikundi ambacho kingenunua Bitcoin mwishoni mwa Desemba 2017 kikavunja mwishoni mwa Desemba 2018 kingerudisha chini ya theluthi moja ya fedha za wajumbe. Kikundi ambacho kingenunua Desemba 2023 kikavunja Desemba 2024 kingegawana zaidi ya mara mbili. Wajumbe ni wale wale, katiba ni ile ile, na mwekahazina hana alilokosea wala alilopatia. Kwa hiyo nitapendekeza pendekezo liondolewe kwenye shughuli za kikundi, na atakayetaka anunue kwa gawio lake mwenyewe baada ya kuvunja.

Lakini kijana ameshapata habari ya msimamo wangu, na jana alinijia na ombi ambalo sikulitarajia. Anaomba mkopo wa shilingi 200,000 wa miezi mitatu, na katika fomu, mahali pa sababu ya mkopo, ameandika "biashara". Katiba yetu inaruhusu mikopo ya biashara, ada na matibabu, bila kufafanua biashara ni nini. Wajumbe wa kamati ya mikopo katika vikundi vingine, ninyi fomu ya namna hii mmekuwa mkiipitisha?